Nyumba Isiyo na Jiwe

Bango lilitundikwa kati ya kanisa na ofisi ya kijiji, jekundu, kitambaa kipya, limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zile za jina la mtakatifu wetu: ARDHI NI MAMA YETU. Chini ya maneno hayo alichorwa mwanamke mwenye nywele za mahindi, tumbo lake mlima, na wakimbiaji wadogo wadogo wakimpanda mgongoni. Fidencia alisimama pale na ndoo ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, akiyapeleka kusagwa mashineni. Akalisoma bango mara mbili, kisha akatema mate pembeni.

"Mama yao," alisema. "Mgongoni wanampanda, shamba hawampi."

Hapa Santa Rufina Yagalú tulizijua hasira za Fidencia kama tunavyoijua baridi ya Januari. Mama yake alisimulia kwamba mtoto yule alitoka tumboni amekunja ngumi, ingawa nadhani alitia chumvi, maana watoto wote hutoka hivyo. Alipokuwa msichana alimzaba kofi mchuuzi wa vyungu aliyemshika kiuno sokoni, na vyungu viwili vikavunjika. Alipoolewa na Aniceto, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza kuku jikoni, watu walisema Mungu amepanga vizuri, mmoja moto na mwingine maji.

Aniceto alikwenda Kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa nchi, kama walivyokwenda nusu ya wanaume wetu, akachuma zabibu za watu miaka na miaka. Kazi za jumuiya, zile ambazo kila nyumba hutoa mtu bila malipo, alizifanya Fidencia. Alichimba mtaro wa maji kwa sururu. Alibeba mchanga wa kujengea shule, na binti yao mdogo amemfunga mgongoni. Jioni katibu alipoita majina aliita "Aniceto!" na Fidencia, viganja vimechubuka, aliitika "Yupo!" Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeona kichekesho.

Jambo moja lazima nilisimulie kwa sababu bila hilo haya mengine hayaeleweki. Mwaka aliorudi Aniceto, Fidencia aligombana na fundi wa mabomba aliyemwambia kwamba mtaro aliouchimba yeye ulichimbwa na wanaume. Akampiga mwiko wa kichwa. Sasa kwetu mwanamke hafungwi selo ya kijiji. Mwanamke akikosea, hufungwa mwanaume wake. Basi mwiko alipiga Fidencia, na selo akalala Aniceto, asubuhi akatoka anacheka, majani makavu kwenye nywele.

"Mke wangu," alisema mbele za watu, "ukitaka kumpiga mwingine subiri kiangazi. Mle ndani kuna baridi."

Kijiji kizima kilicheka isipokuwa Fidencia. Yeye alikasirika upya. Mtaro walimnyang'anya, sasa hata kosa lake mwenyewe hawakumwachia liwe lake.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika Aniceto, ukamla polepole kuanzia miguuni, akafa. Fidencia akabaki na nyumba ya udongo, binti aliyeolewa mbali, na shamba. Shamba lile liko mteremkoni, linapata jua la asubuhi kabla ya mashamba yote, na mahindi yake ni ya bluu. Maharage hupanda kwenye mabua na maboga hutambaa chini. Yeye ndiye aliyelilima tangu alipofika pale bibi harusi. Ukimuuliza mtu yeyote wa Santa Rufina shamba lile ni la nani, atakujibu bila kufikiri: la marehemu Aniceto.

Ardhi yetu ni ya wote, nayo hugawiwa kwa nyumba. Na nyumba, kwa desturi yetu, ni mtu aliyepita mpakani. Kila mwaka kabla ya mvua wanaume walibeba mapanga wakafyeka mstari kati yetu na kijiji jirani cha San Celso, wakisalimia kila alama kwa tone la pombe ya mkonge, mpaka kule juu kabisa kwenye misonobari na ukungu, kwenye mwamba tunaouita Sikio. Pale kila mwenye nyumba huweka jiwe moja alilolitoa uani kwake. Akifa, jiwe lake limekufa naye. Nyumba isiyo na jiwe haina mdomo, ndivyo tunavyosema, na isiyo na mdomo haina shamba. Wanawake hawakwenda. Wazee walisema mwanamke akipita mpakani mstari unapinda. Mimi sijaona mstari uliopinda kuliko ule waliofyeka wanaume baada ya kuimaliza ile pombe ya kusalimia mawe.

Halafu zikaja mbio. Yadira, binti wa mwalimu, alirudi kutoka mjini na viatu vya rangi ya limau na wazo lake: watu wakimbie njia ya mpaka siku ya sikukuu, vijana waliopotelea mijini warudi wakanyage ardhi ya babu zao, na wageni waje waone kwamba bado tupo. Lilikuwa wazo zuri, nalisema wazi. Walikuja. Mwaka wa kwanza wachache, uliofuata mabasi. Wanaume wetu wakazipenda mbio mno, kwa sababu ziliwapa ruhusa ya kutofyeka tena. Mbio ndizo matembezi yetu ya mpakani, walisema. Mkutano wa kijiji ukapitisha kwamba yeyote atakayekimbia mpaka Sikio na kuweka jiwe la uani kwake, huyo amepita mpakani. Waliwafikiria watoto wao wa kiume walioko Kaskazini, wale wanaokuja wiki moja kwa mwaka na kofia mpya. Wanawake hawakukatazwa, kwa kuwa hawakukumbukwa.

Fidencia siku ile alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, anawapikia kahawa wenye midomo. Aliyasikia yote dirishani, akakoroga kahawa, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa jambo geni kiasi kwamba Obdulia, jirani yake, alimshika paji la uso aone kama ana homa.

Mwaka jana alikimbia. Wasimamizi wa njia walimkuta kijitoni, nusu ya safari, wakamwambia muda umekwisha na wakamrudisha kwa gari pamoja na masanduku ya ndizi. Mwaka huu alijiandaa. Tulimwona akipanda mlima na mzigo wa kuni, akishuka, akipanda tena na mzigo uleule. Wengine walidhani uzee umemwingia kichwani. Ila Tranquilino hakudhani hivyo. Yeye alihesabu vizuri.

Tranquilino ni ndugu wa marehemu Aniceto, na mwaka huu alikuwa mwenyekiti wa ardhi na wa sikukuu pia. Ana mdomo wa asali. Tangu matanga ya kaka yake alizoea kupita shambani kwa Fidencia akilitazama kama mtu anayepima mlango kabla ya kununua kabati. Mkutano wa kugawa mashamba ungefanyika wiki moja baada ya sikukuu. Fidencia asipokuwa na jiwe, shamba lingekwenda kwa mwanaume wa karibu, na mwanaume wa karibu alikuwa yeye.

Siku tatu kabla ya mbio ikatangazwa kwamba njia imefupishwa. Wakimbiaji wangegeuka kushoto kwenye kijito na kurudi. Sikio halimo. Ndiyo maana Fidencia alikuwa amesimama chini ya bango na ndoo yake, na ndiyo maana hakuondoka mpaka Tranquilino alipotoka ofisini.

"Shemeji! Habari za asubuhi."

"Za asubuhi nzuri. Hizo nyingine ndizo nimezifuata. Njia ya Sikio mmeikata?"

"Tumeifupisha tu. Wageni wana mapafu ya mjini, shemeji. Mtu akivunjika mguu kule juu, gari la wagonjwa litapita wapi?"

"Mwaka jana miguu ya wageni haikukuuma."

"Mwaka jana umeshapita."

"Na mpakani atapita nani? Hamjafyeka. Mmekaa mnasubiri mbio ziwapitie."

"Tutakwenda baada ya mvua, San Celso hawatahesabu siku. Mambo ya mpaka waachie wanaume."

"Mkutano wa mashamba nao ni baada ya mvua?"

Tranquilino akatabasamu, akashusha sauti kama anambembeleza mgonjwa. "Unajichosha bure. Umri huu, magoti hayo. Kaa kwa heshima, mjane wa kaka yangu, nani atakunyima gunia mbili tatu? Nitakulimia mimi mwenyewe."

"Yaani unilimie shamba langu, unipe mahindi yangu, halafu nikushukuru."

"Ndugu ndivyo wanavyoishi."

"Punda wako nikimkuta tena kwenye mabua yangu," Fidencia alisema, "sikukuu hii mtamla yeye."

Akaondoka. Damu ilimchemka hata maji ya ndoo yakawa yanamwagika begani. Lililomkera zaidi ya yote ni ule upole. Angetukanwa angejua pa kushika.

Siku ya mbio ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kengele. Bendi ya matarumbeta ilipiga, ubani ukafukizwa, Yadira akaeleza kwenye kipaza sauti kwamba leo kila hatua ni sala kwa mama ardhi. Wageni wakapiga makofi. Fidencia alisimama nyuma kabisa, namba imebanwa kwa pini kwenye blauzi, sketi ameifunga magotini, miguuni katambuga za Aniceto za tairi la lori. Kiunoni, ndani ya mtandio, alikuwa na jiwe lake. Lilikuwa jiwe jeusi la masizi, kubwa kama ngumi, lile alilolitumia kuegemezea kaango la udongo la kuchomea tortila, mikate yetu myembamba ya mahindi. Tangu alipoolewa lilikuwa halijatoka jikoni.

"Bibi!" kijana mmoja mwenye miwani ya jua akamwita. "Jikoni ni upande ule!"

"Najua. Mama yako nimemwacha huko anaosha masufuria, anauliza utamsaidia lini."

Wenzake wakamcheka, bunduki ikalia, watu wakaondoka kwa kishindo. Fidencia hakujaribu kushindana na mtu. Alikwenda mwendo wa mzigo wa kuni, ule ule kwenye mteremko na ule ule kwenye kilima, na walipofika kijitoni wengi wa wale wenye viatu vya rangi walikuwa wameinama wameshika magoti.

Njia panda pale kijitoni alikuwa amewekwa Obdulia, na meza ya machungwa. Upande wa kulia utepe wa plastiki ulifungwa kutoka mti hadi mti.

"Kushoto, jamani, kushoto!" Obdulia alikuwa akiimba. Alipomwona jirani yake akaacha kuimba. "Fide. Nimeagizwa niwageuze wote kushoto."

"Basi nigeuze."

"Kushoto, mama."

"Nimesikia. Kazi yako umeifanya. Sasa menya chungwa, utazame chungwa."

"Kule juu hakujafyekwa. Ukianguka nani atakuona?"

"Hata nikisimama hawanioni, Obdulia. Menya chungwa."

Obdulia akachukua chungwa, akaliinamia kama mtu anayesoma barua. Fidencia akapita chini ya utepe.

Njia haikuwepo. Miiba na mapera mwitu vilikuwa vimeufunga mstari wa mpaka, na ile alama ya kwanza, nguzo ya mawe ambayo wanaume walizoea kuinyunyizia pombe, ilikuwa imevaa majani mpaka shingoni. Fidencia aliipita akitukana, si nguzo bali wenyewe. Alipanda kwa mikono na magoti. Kila tawi lililomchapa usoni alilipa jina la mtu wa ule mkutano, na yapo matawi mengi kule. Mnataka kucheza na ardhi, alisema moyoni, mnaichora nywele za mahindi, mnaiimbia, mnakimbia mgongoni mwake na namba kifuani, halafu mtu aliyeinama juu yake miaka yote mnamwambia hana mdomo. Goti la kulia lilianza kuvimba. Akalifunga kwa ule utepe wa plastiki, kipande kilichokatika na kumnasa sketini alipopita chini yake, akaendelea.

Karibu na Sikio alisikia vicheko, halafu mawe yakibingirika.

Walikuwa wanaume watatu wa San Celso: Severo, mtu wa makamo mwenye masharubu, na wapwa zake wawili. Walikuwa wamefyeka upande wao ukawa safi kama ua wa kanisa. Sasa walisimama juu ya rundo letu, mawe ya nyumba zote za Santa Rufina, wakiyaokota moja moja na kuyatupa bondeni.

"Mnafanya nini?" Fidencia aliuliza. Pumzi ilikuwa imemwishia na sauti ikatoka ndogo.

Severo akageuka. Alipoona ni mwanamke akacheka. "Tunafagia. Wenye nyumba wamehama, si tunafagia? Tumengoja tangu kiangazi hatujaona panga la mtu."

"Shuka hapo."

"Wanaume wenu wako wapi, mama? Tuliwasikia na matarumbeta. Waambie wakimaliza kucheza, mpaka umeshuka hadi kwenye nguzo ya chini." Akainama, akaokota jiwe jingine, jeupe, lenye mstari wa kijani, akalirusha juu ya bega bila hata kulitazama.

Jiwe lile Fidencia alilijua. Alikuwa ameliosha yeye mwenyewe uani kabla Aniceto hajalibeba.

Alichofanya hakukifikiria. Mkono uliingia kwenye mtandio, ukatoka, na jiwe jeusi la masizi likaruka likampata Severo juu ya jicho. Akaketi chini, damu ikamteremka mpaka kwenye masharubu. Wapwa wakaganda. Fidencia alikuwa tayari ameokota la pili, la tatu, akiyatupa na kupiga mayowe, na vijana wale wenye mapanga wakarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka wakavuka mstari.

"Umenipasua!" Severo alisema, kwa mshangao kuliko hasira.

"Na bado!"

"Damu ya mpakani, mama. Unajua desturi. Nashuka kwenu sasa hivi, na hiki ndicho kielelezo changu." Akapapasa majanini, akalishika lile jiwe jeusi, akalitia kwenye mfuko wa shati.

Hapo ndipo Fidencia alipoelewa amefanya nini. Jiwe la jikoni kwake, jiwe pekee, lilikuwa mfukoni mwa mtu wa San Celso. Pale Sikio hakuweka kitu. Alitaka kulia akashindwa, akawa anajipiga paja kwa ngumi. Hasira hasara, waliosema walisema. Mlima wote ule, goti lile, na hasira yake mwenyewe ndiyo iliyomnyang'anya mwishoni, kazi ambayo Tranquilino angeifanya kwa shida.

Wakashuka wote wanne, na Fidencia akachoka kuona damu ikidondoka njiani. Akafungua mtandio akamtupia Severo.

"Jifunge. Usije ukafia kwetu nikabebeshwa na jeneza."

"Asante."

"Usinishukuru. Nikikuona tena juu ya mawe yetu nitalenga jicho lenyewe."

Walipofika uwanjani medali zilikuwa zinagawiwa. Tranquilino alisimama jukwaani na kofia mpya, medali zimemning'inia mkononi kama vitunguu, kipaza sauti mkono wa pili. Severo alipita katikati ya watu na kichwa chake kilichofungwa, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya meza ya Filemón, kinyozi wetu, ambaye mwaka huu zamu ya uhakimu wa kijiji ilikuwa yake na fimbo ya cheo ilikuwa mapajani mwake. Bendi ikanyamaza, chombo kimoja kimoja.

"Nimekuja na shitaka," Severo alisema, akaliweka jiwe mezani. "Mtu wenu amenimwagia damu pale Sikio, asubuhi hii. Wapwa zangu ni mashahidi. Ni huyu mwanamke."

Filemón hakupata nafasi ya kujibu. Tranquilino, kipaza sauti bado kipo kinywani, alishasema: "Ndugu yangu Severo, pole sana, lakini umekosea. Leo kule juu hakukwenda mtu wetu. Njia tuliifunga."

Maneno yale yalikwenda mpaka kwenye mabasi. Severo akamtazama, na taratibu, chini ya ile damu, akaanza kutabasamu.

"Rudia," alisema.

"Nasema..."

"Rudia hapo hapo, wapwa zangu wasikie vizuri. Mwaka huu Santa Rufina hamkufyeka. Hamkupita mpakani. Sikio hakufika mtu wenu hata mmoja. Sema hivyo, na kidonda changu nakusamehe."

Hakukuwa na mtu mzima pale asiyejua maana yake. Upande usiopita mpakani kabla ya mvua hupoteza msitu mpaka alama inayofuata. Wageni waliendelea kupiga picha. Sisi tulimtazama Tranquilino, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu asali ilimkauka.

"Kishushe hicho," Filemón alimwambia. Kisha akamgeukia Severo. "Alikwenda mtu wetu. Ni huyu hapa."

"Sawa, alikwenda," Tranquilino alisema haraka. "Ila tusichanganye mambo. Jiwe hakuweka. Jiwe si hilo mezani?"

"Hakuweka?" Severo akauvuta mtandio, akaonyesha paji la uso, lililovimba kama boga changa. "Aliweka hapa!"

Uwanja ukalipuka. Hata mpiga ngoma alipiga pigo moja kwa bahati mbaya. Fidencia peke yake hakucheka, alipaza sauti, "Na mawe yetu aliyokuwa anayatupa bondeni?" Filemón alingoja kelele zipungue, akagonga fimbo.

"Shitaka nimelipokea. Hayo ya mawe kutupwa bondeni, Severo, wewe nasi tutaongea baadaye, na wakubwa wenu wakiwepo. Desturi mnaijua. Anayemwaga damu ya jirani mpakani hulala selo mpaka kengele ya asubuhi. Kama ni mwanamke asiye na jiwe, hulala mwanaume wake."

"Aniceto ameshakufa," mtu mmoja alisema.

"Najua, nilimnyoa kabla ya kuzikwa. Ndiyo nauliza, mwanaume wa nyumba ile ni nani sasa?" Akageuka jukwaani. "Tranquilino. Si wewe uliyesimama mkutanoni ukasema nyumba ya kaka yako iko mikononi mwako?"

Tranquilino akatazama mlango wa selo. Uko pale pale chini ya ofisi, mlango wa nondo, ndani giza, sakafuni majani. Medali zikagongana mkononi mwake.

"Chagua," Filemón alisema. "Ana jiwe alale yeye, au hana ulale wewe?"

Tranquilino alisema kitu ambacho hakikusikika.

"Kwenye kipaza sauti, baba!" Obdulia alipaza sauti kutoka nyuma, mikono bado inanata maji ya machungwa. "Tumezoea kukusikia humo!"

"Ana jiwe."

"Nani?"

"Fidencia," alisema Tranquilino, na jina lile likatoka kwenye spika zote mbili. "Fidencia ana jiwe."

Watu walidhani angefurahi. Wengine walikwishanyoosha mikono kumpongeza. Fidencia alipita katikati yao kama anapita kwenye ile miiba, akafika mezani, akalichukua jiwe lake, akalifuta damu kwa sketi.

"Miaka yote nimelima hamkuona," alisema. "Nimechimba mtaro hamkuona. Mpaka adui atokwe na damu ndipo mnaniona, na bado mnacheka. Nani ana ufunguo?"

Mgambo akautafuta ufunguo mfuko hadi mfuko, kama yeye ndiye anayefungwa. Fidencia akaingia mwenyewe, akainama chini ya kizingiti, akaketi kwenye majani, goti limenyooshwa, jiwe mapajani.

Sherehe iliendelea, maana supu ilikuwa imeiva. Yadira alikuja kwenye nondo na medali, macho mekundu.

"Mama Fidencia, mimi nilidhani ni kilomita tu zimepunguzwa. Sikujua lilikuwa shamba lako."

"Hukuuliza, mwanangu."

"Pokea hii basi. Umekimbia kuliko wote."

"Mpe yule wa kwenye bango. Mimi niletee tortila, na mwambie Obdulia atie pilipili."

Nyuma yake kipaza sauti kilikuwa kimepata mtu mwingine, akiwaaga wageni wa mabasi. Ardhi ni mama yetu, alisema, na wageni wakarudia, ardhi ni mama yetu. Fidencia akashika nondo kwa mikono yote miwili, akapiga ukelele uliosikika mpaka San Celso:

"Mama yenu yuko mahabusu!"

Jua lilipoanza kuingia nyuma ya misonobari, Filemón alikuja mwenyewe na ufunguo, bila fimbo, na kikombe cha kahawa. Akafungua mlango akasimama kando.

"Dada Fidencia, toka ukapumzike. Leo sikukuu. Severo amekunywa bakuli mbili za supu na amesamehe. Hakuna atakayesema kitu."

Fidencia alipokea kahawa. Hakuinuka.

"Wanaume hukaa mpaka lini?"

"Si unajua. Mpaka kengele ya asubuhi."

"Basi funga, Filemón," alisema, "na ufunguo usimpe shemeji."